Selipher Hakuiachia Leso

Watu wa Karantina, mtaa wetu kule Jeddah, wakimtaja Selipher husema ni yule aliyemponza bibi. Bibi mwenyewe ni mimi, na sikuponzwa na mtu. Nilikwenda kwa miguu yangu. Lakini sitaki kuanza na mimi. Nataka kusema Selipher alikuwa mtu gani, maana wanaomtaja hawakumjua, na mimi nilikaa naye chumba kimoja miezi minne mpaka nikajua anavyokohoa.

Alikuwa mtu wa Ahero, kule wanakolima mpunga. Mrefu, mifupa mipana, mikono ya kazi. Akicheka alijifunika mdomo kwa sababu ya jino la mbele lililokatika. Alifika Riyadh mwanzo wa mwaka wa 2013, wakati wasichana wa kwetu walipokuwa wakijaza ndege nzima, wote na mikoba ya rangi moja waliyopewa na ajenti. Kabla ya kuondoka, yule ajenti wa Nairobi alimwuliza, umewahi kuzaa? Akasema hajazaa. Daktari wa kupima wasafiri akamwuliza, akasema hajazaa. Walimpima damu, mkojo na kifua. Tumbo hakuna aliyelitazama. Kule Riyadh madam akamwuliza, akasema vilevile. Neno hilo alilisema mara nyingi hata likawa kama jina lake la pili.

Nyumba ya madam ilikuwa Murabba. Madam hakuwa mtu wa kupiga, Selipher mwenyewe alisema hivyo, ila alikuwa akimwazima kwa dada zake. Jumapili yuko kwa dada mkubwa anafua mazulia, Jumatatu kwa dada mdogo anaosha madirisha, na siku zilizobaki yuko kwa madam mwenyewe na watoto sita. Ikama moja, yaani kibali kimoja cha kuishi na kufanya kazi, nyumba tatu. Miaka miwili hivyo. Alizoea kulala ameketi, ameegemea mashine ya kufulia, kwa sababu ile mashine ikimaliza hupiga kelele na kumwamsha.

Japheth alikuwa dereva wa lori, anapakia mizigo kwenye maghala ya Sulay. Siku moja alileta friji kwa madam, akamsikia Selipher akiitukana ile friji kwa Kijaluo kwa kuwa haikupita mlangoni. Akamjibu kwa Kijaluo. Ndio mwanzo. Wakawa wanaonana Selipher akitoka kutupa taka. Watu wakisikia hivyo hucheka, mapenzi ya pipa la taka, lakini mwambie mtu aliyefungiwa miaka miwili achague mahali.

Tumbo lilipofika miezi mitano, abaya haikulificha tena. Japheth akampandisha lori, akamlaza nyuma ya kiti chake, nyuma ya pazia, akamleta Jeddah. Kwa kuwa Japheth ni Mkristo, haruhusiwi kupita Makka, akazunguka kwa ile njia ya wasio Waislamu, na Selipher akatapika njia nzima ndani ya ndoo ya rangi. Ndivyo alivyofika mlangoni kwangu, ameshika ndoo.

Mimi sasa. Naitwa Mejumaa binti Omari, wa Kinondo, upande wa Kwale. Nilikwenda umra mwaka wa 1994 na sikurudi. Niliosha vyombo vya watu, nililea watoto wa watu, na ukunga nilioachiwa na shangazi yangu niliufanya humo humo Karantina, kwa wanawake wasioweza kupeleka tumbo hospitali kwa kukosa ikama au kwa kukosa cheti cha ndoa, maana huko hospitali huulizwa vyote viwili. Mhabeshi, Mchadi, Mnigeria, Mkenya, wote nimewapokea. Shule nilisoma ile ya ngumbaru tu, jioni, mwaka mmoja. Lakini mikono yangu haikuhitaji shule.

Nilikuwa na masharti mawili. La kwanza, aliyewahi kupasuliwa simpokei. Huyo ni wa hospitali, ajijue. La pili ni la kazi yangu mwenyewe: mwanamke wangu havuliwi. Hujifunga leso chini ya kifua, na leso hiyo haitoki mpaka mtoto alie. Tumbo nalipapasa juu ya leso, njia naipima kwa chini, bila macho. Shangazi alinifunza hivyo, na wanawake wengi walinipenda kwa hilo, maana walikotoka walikuwa wamevuliwa sana.

Basi pale mlangoni nikamwuliza, kabla hata hajaweka ndoo chini, "Umewahi kupasuliwa?"

Akasema, "Hapana bibi. Sijazaa hata siku moja."

Nikamwambia ingia.

Alikuwa mtu mzuri kukaa naye. Alipika wali wa kwao ukashikana kama ugali, nikamsema, akapika tena vilevile. Aliniita bibi, na akinikasirikia aliniita Bi Mejumaa kwa jina zima kama askari. Alikuwa na ubishi kama wangu, ndiyo sababu hatukugombana sana. Kila mmoja alimjua mwenziwe hapindiki.

Uchungu ulimshika Alhamisi baada ya alfajiri. Nilifurahi, maana ulianza vizuri, kwa mpangilio. Ijumaa watu walipotoka kusali chupa ikapasuka, maji meupe, safi. Nikasema kufikia alasiri tumemaliza. Hatukumaliza. Jumamosi asubuhi njia ilikuwa vidole vitatu, vilevile vya jana, na kichwa kiko juu kama kimekataa kushuka. Nilikuwa nimemtembeza chumba kizima, nimemchuchumaza, nimemkanda mgongo mpaka viganja vyangu vikawa havina hisia. Nilikuwa na miaka sitini na minane. Nilichoka mpaka nikasahau kama nimesali au sijasali, nikasali tena.

Nikampigia simu Truphena.

Truphena alikuwa muuguzi, msichana wa Kakamega, ana ikama yake safi na kazi kwenye zahanati moja ya watu binafsi. Alikuwa akija kwangu mara mojamoja kunisaidia na kunisema. Siku hiyo alikuja saa sita mchana, ametoka zamu, bado amevaa viatu vyeupe, na ndani ya mkoba ana chupa ya dripu na vichupa viwili vya dawa ya kuongeza uchungu.

"Shosho, umemweka huyu mtu hapa siku tatu?" ndiyo salamu yake.

"Siku mbili na nusu. Na mimi si shosho yako. Shosho yako yuko Kakamega anachuma mboga."

"Na angekuwa hapa angeniita jana." Akavua viatu, akapiga magoti. "Selipher, sista, uko aje?"

Selipher alikuwa amelala ubavu, uso umekauka. "Niko tu," akasema. "Nidunge iishe."

"Huyu ni mtoto wa ngapi?"

"Kifungua mimba," nikasema mimi. Na Selipher akasema, "Wa kwanza."

Truphena akasikiliza moyo wa mtoto kwa kile kikombe chake cha kusikilizia, muda mrefu. Ulikuwa unakwenda. Akahesabu, akahesabu tena. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hii dawa si ya mchezo, huingia tone kwa tone, na wakijua kazini kwamba ameitoa, kwake halas, kazi imekwisha, anapanda ndege siku hiyo hiyo. Lakini ataiweka, kwa kuwa uchungu umepoa na mtoto bado ana nguvu. Akatundika chupa kwenye msumari wa saa. Saa yenyewe nikaiweka sakafuni.

Halafu akasema, "Toa hiyo leso nimtazame tumbo kwanza."

Nikasema, "Leso haitoki."

"Shosho."

"Tumbo nimelipapasa mara ishirini. Mtoto amekaa sawa, mgongo kushoto. Unataka kuona nini, picha?"

"Mimi sidungi mtu aliye ndani ya blanketi."

"Si blanketi, ni leso. Na humu ndani ni kwangu. Tangu nianze kazi hii hakuna mwanamke wangu aliyevuliwa, na hawataanza leo kwa sababu ya mtoto aliyesoma Kakamega."

"Nilisoma Eldoret."

"Hata huko."

Akaketi juu ya visigino vyake, akajipangusa jasho. Alikuwa amechoka pia, kwa kusimama usiku kucha kwenye zamu. "Sawa," akasema. "Basi sidungi." Akafunga mkoba.

Ningeweza kubishana naye mpaka jioni. Nilikuwa tayari. Lakini nilipogeuka kumwambia Selipher kwamba huyu anaringa, nikaona mikono yake.

Niseme jambo ambalo mkunga yeyote analijua. Mwanamke akifika siku ya pili ya uchungu, haya humwisha. Mwite jirani, mwite imamu, fungua mlango, hajali, anataka uishe tu. Nimeona mabibi wa heshima zao wakizitupa leso wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikizirudisha. Huyu Selipher hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe cha maji, nilikuwa nikimnywesha kwa kijiko. Na leso alikuwa ameishika kwa mikono miwili, upindo wa chini, vidole vimekakamaa. Nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kumwona ameiachia tangu Alhamisi. Sikumbuki.

Nikajua. 

Nikamwambia Truphena atoke nje kidogo. Akatoka. Nikalala sakafuni kando ya Selipher, maana kuketi sikuweza tena, tukatazamana uso kwa uso.

"Selipher," nikasema, "liko wapi?"

Hakuuliza nini. Akaushika mkono wangu, akaupitisha chini ya leso, akaushusha chini kabisa, pale nywele zinapoanza. Lilikuwa hapo. Kovu la kulala, jembamba, laini, kama uzi ulioshonewa ndani ya nguo. Juu ya leso nilikuwa nimelipita mara ishirini.

"Lini?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kisumu. Mtoto alikaa siku mbili." Uchungu ukamjia, akangoja upite. "Nyumbani kwa mume walisema sikuzaa. Walisema nilitolewa mtoto, na wa kutolewa hakai. Wakanirudisha kwetu. Bibi, huyu nilitaka nimzae."

"Na mimi nilikuuliza mlangoni."

"Ulisema aliyepasuliwa humpokei. Ningeenda wapi na ile ndoo?"

  Nikamwambia tu yaliyonijia, "Mimi nimezaa wanne kwa njia hiyo unayoitamani, na hakuna hata mmoja anayenipigia simu Idi. Njia waliyotokea haikuwafunza adabu."

Akacheka. Alijifunika mdomo akacheka, halafu akalia.

Nikamwita Truphena, nikaiinua leso mwenyewe. Akatazama, akaiondoa ile chupa ya dripu msumarini, akairudisha mkobani pamoja na vichupa.  Kama angenisikiliza mimi, angekuwa ameshamdunga.

Simu ikalia, Japheth, ambaye nilikuwa nimemtumia habari kwamba muuguzi amekuja na dawa. Nikaiweka wazi tumsikie wote.

"Ameshadungwa?"

"Hadungwi," nikasema. "Anapelekwa hospitali."

"Bibi, hospitali hapana! Wataitisha karatasi ya ndoa. Watamwuliza ni nani mwenye mtoto. Hiyo dawa si muuguzi amekuja nayo? Mpeni tu."

"Wewe uko wapi?"

"Niko Taif. Nina tiles, niko nyuma ya malori mengine, nakuja."

"Ulijua amewahi kupasuliwa?"

 Nikasikia lori likipumua. "Nilijua," akasema.

"Basi kaa huko huko Taif na tiles zako."

Nikaikata. Truphena akasema, "Si yeye wa kuamua. Wala si wewe, shosho, na wala si mimi. Aulizwe mwenye tumbo." Akamshika Selipher bega. "Sista, nisikilize. Hilo kovu limevutwa siku tatu. Nikiongeza dawa linaweza kuachia. Likiachia humu ndani, hata nikiwa na mikono kumi, sitakuwa na la kufanya. Utaenda, na mtoto ataenda."

"Na nikingoja?"

"Kungoja nako ni kulivuta, polepole tu."

"Kwa hivyo ni kisu tena."

"Ni kisu."

"Na askari."

"Labda na askari. Sitakudanganya."

Selipher akalitazama dari. Uchungu ukaja, ukapita. Ukaja mwingine. Mimi nilikuwa nahesabu madoa ya ukutani, na nilitaka kulala zaidi ya nilivyotaka kitu chochote duniani. Mwisho akasema, "Bibi atanisindikiza?"

Desturi ya Karantina ni hii: mgonjwa unamfikisha mlango wa dharura, unamketisha, unaondoka kabla hujaulizwa ikama. Kila mkunga anafanya hivyo, na mimi nilishafanya mara tatu. Nikamwambia, "Nitakufikisha mlangoni. Ndani utasema mwenyewe. Utasema: nilipasuliwa zamani, Kisumu, nina siku tatu, sijadungwa kitu. Basi. Hayo tu."

Truphena akamrudishia mara mbili kwa Kiarabu, Selipher akayasema vizuri.

Jirani yetu Mchadi alikuwa na pikapu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro langu, nikaketi naye, jua la saa nane linatuchoma, na kila tuta lilipotuinua alinibana mkono mpaka bangili ikanikata. Truphena alibaki. Hakuweza kuonekana. Nilimwona akiwa mlangoni na viatu vyake mkononi.

Hospitali kuna baridi, hilo ndilo nalikumbuka. Nikamketisha kwenye kiti cha magurudumu mbele ya meza, nikamfunga leso vizuri, nikamwambia, haya, sema. Kando ya meza amesimama askari wa mlangoni, kijana tu, anatazama simu. Nje Mchadi anapiga honi, "Yalla, hajja! Yalla!" Nikageuka. Nilikuwa nimefika mlango wa kioo, umeshafunguka, joto la nje limenipiga usoni, nikamsikia dada wa mezani akimwuliza kwa Kiarabu cha kazi, huyu mtoto wa kwanza?

Na Selipher akajibu, "Wa kwanza."

Sijui alikuwa amemwona askari. Sijui ni uchovu. Nadhani lilimtoka lenyewe tu, kama alivyomjibu ajenti, na madam, na mimi.

Yule dada akaandika.

Mlango wa kioo ukawa unafunguka na kujifunga, kwa kuwa nimesimama katikati. Nilikuwa nimekaa Jeddah miaka ishirini na moja bila kuulizwa jina na askari hata mmoja. Chumba changu kina sufuria zangu, kina mkeka wa marehemu shangazi. Nakwambia ukweli, sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza kwamba watamtundikia ile dripu, kwa kuwa ni wa kwanza, na njia haifunguki, na wana haraka. Niliwaza tena kwamba nimechoka, na kwamba kurudi mpaka pale mezani ni mbali.

Nikarudi. Nikaweka mkono juu ya karatasi anayoandika.

"Si wa kwanza," nikasema. "Ni wa pili. Alipasuliwa. Ana siku tatu. Msimdunge."

"Wewe ni nani?"

"Mkunga wake."

Selipher akasema, "Bi Mejumaa, nenda," kwa jina zima, kama askari. Nikaiinua leso kidogo, upande ule tu, yule dada akaona. Akapiga kelele, watu wakaja mbio, kiti kikaondoka na Selipher, na leso ikabaki mkononi mwangu. Daktari mmoja akarudi kuniuliza saa chupa ilipopasuka. Nikamwambia. Akauliza rangi ya maji, nikamwambia. Hakunitukana. Halafu yule kijana akaiweka simu mfukoni akasema, ikama, hajja. Nikamwambia mafi, sina. Akaonekana hakupenda, akanitafutia kiti.

Mtoto alitoka mzima, mvulana, nilisikia kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akipiga deki. Kovu lilikuwa limebaki kama karatasi, ndivyo daktari alivyosema, ngozi inapitisha mwanga. Mimi nilikaa wiki tano kizuizini, nikarudishwa Mombasa nimevaa kandambili. Selipher alirudishwa miezi mitatu baadaye, mtoto mgongoni. Japheth hakukamatwa. Bado anaendesha. Hutuma salamu kupitia Selipher, na mimi huzirudisha zilikotoka.

Sasa Selipher yuko Ahero, ana kibanda cha kukoboa mpunga na mwenzake. Hunipigia siku zisizo na kazi nyingi. Mara nyingine tunakaa tu kwenye simu, naisikia mashine yake, anawasikia kuku wangu. Aliwahi kuniuliza kama ninajuta. Nikamwambia Truphena bado ananiuliza kuhusu sufuria zangu, na mimi humwambia aziuze tu.

Mwezi uliopita alikwenda kliniki ya wanawake kwa mambo mengine. Nikamwuliza, walipokuuliza umezaa, ulisema nini?

"Wawili, bibi," akasema. "Nilisema wawili. Mmoja yuko."

Hapa Kinondo wanawake wenye uchungu bado huniita, ingawa nimesema nimeacha. Leso simvui mtu kwa nguvu, hilo silibadilishi. Ila siku hizi, kabla sijaosha mikono, naomba nionyeshwe tumbo. Na lile swali la mlangoni siulizi tena mlangoni. Namwambia aingie kwanza, akae, anywe maji.